Kutoka Mchanga wa Gasenyi Hadi Msitu wa Kibira

Kaskazini-mashariki ya Bujumbura, mahali ambapo uwanda wa Imbo unakoma na miguu ya milima inaanza kunyanyuka, ndipo ilipo Gasenyi. Jina lake linakumbusha neno la Kirundi umusenyi, yaani mchanga, na kweli mchanga si kitu adimu katika vijito vya upande huo. Wageni wengi huijua Gasenyi kwa sababu ya ikulu ya Ntare Rushatsi, iliyojengwa kwa msaada wa China na kukabidhiwa kwa Serikali ya Burundi mwaka 2019. Lakini kwa mtu mwenye kamera na siku mbili za mapumziko, Gasenyi ina sifa nyingine: ni mlango wa milimani. Akitoka hapo Jumamosi alfajiri, ataweza kupanda miteremko ya Mumirwa, kuufikia mgongo wa nchi pale Bugarama, kutazama mashamba ya chai ya Teza, kulala Kayanza na kufika Rwegura kando ya msitu wa Kibira, kisha arejee mjini Jumapili kabla ya giza kuingia.

Safari hiyo ni fupi kwa kilomita lakini ni ndefu kwa mambo ya kutazama. Tena inalo funzo linalowahusu wakaaji wote wa uwandani, askari na raia, mama wa nyumbani na mtoto wa shule: yatokeayo mlimani hayabaki mlimani. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014, mvua kubwa ilinyesha juu ya vilima vinavyoikabili sehemu ya kaskazini ya Bujumbura. Maji yakateremka pamoja na matope na mawe, yakapita katika Kamenge, Kinama na mitaa ya jirani, yakabomoa nyumba kwa mamia na kuua watu zaidi ya 60. Msafiri anayepanda milima hiyo huwa anaifuata kinyumenyume njia ya maji yale, kutoka yalikoishia hadi yanakoanzia.

MATAYARISHO YA SAFARI

Jambo la kwanza ni petroli. Tangu mwaka 2021 Burundi imepatwa mara kwa mara na uhaba wa mafuta, na gari lililoondoka na tangi nusu laweza kulala njiani. La pili ni mavazi. Bujumbura iko kandokando ya ziwa Tanganyika, kiasi cha mita 774 juu ya bahari, na joto lake humfanya mtu asahau kuwa katika nchi hiyo hiyo kuna mahali ambapo watu huota moto jioni. Sweta, koti la mvua na viatu vyenye soli ya kushika ardhi ni vitu vya lazima, hasa kwa watoto.

Kuhusu kamera, si lazima iwe ya bei kubwa. Hata simu ya mkononi, ikishikwa kwa utulivu, huleta picha nzuri. Kinachotakiwa zaidi ni mfuko wa nailoni wa kuikinga na mvua, kitambaa safi cha pamba cha kupangusia lenzi, na betri ya akiba, kwa kuwa baridi hupunguza nguvu za betri upesi. Kamera iliyotolewa ghafla katika baridi na kuingizwa katika gari lenye joto hufanya umande kwenye lenzi. Mwenye kamera na aiache ndani ya mfuko wake kwa dakika kadhaa ili izoee hali ya hewa kabla ya kuitoa.

Majira nayo yana hesabu yake. Kuanzia Juni hadi Agosti barabara ni kavu na safari ni nyepesi, lakini vumbi na moshi huufunika uwanda na ziwa, hata milima ya Kongo ng'ambo ya pili isionekane vizuri. Katika miezi ya mvua hewa husafika mara tu mvua inapokatika, na rangi za majani huwa mbichi kabisa. Lakini hapo utelezi ni mwingi na udongo waweza kuporomoka barabarani. Mwenye familia ndani ya gari na achague kiangazi.

Vilevile hapana budi kukumbusha jambo ambalo wasomaji walio katika majeshi wanalijua vema. Ikulu, kambi, vizuizi vya barabarani na askari walio kazini si mandhari ya kupigwa picha. Msafiri na aiweke kamera mfukoni apitapo Gasenyi penyewe, naye ataepuka maswali marefu. Milima iko mbele, haikimbii.

KUPANDA MUMIRWA

Barabara kuu namba moja, yaani ile iendayo Kayanza na Rwanda, huanza kupanda mara baada ya mji. Kutoka uwandani hadi Bugarama ni kiasi cha kilomita 35 tu, lakini katika mwendo huo gari hupanda zaidi ya mita 1,200. Kona zafuatana. Kila baada ya kona mbili tatu ziwa Tanganyika huonekana upya, likiwa chini zaidi na pana zaidi. Saa moja asubuhi jua bado liko nyuma ya milima, nao uwanda wa Imbo huwa katika kivuli cha buluu. Mpiga picha asiyetaka kupoteza nafasi hiyo husimama mahali penye upana, gari likiwa nje kabisa ya lami, wala si kwenye kona.

Onyo hilo la kona linatolewa kwa sababu ya waendesha baiskeli. Hakuna picha ya barabara hii iliyo mashuhuri kuliko ya vijana wanaoteremka kutoka Bugarama wakiwa wamepakia mikungu ya ndizi, magunia ya makaa au mboga, mzigo ukiwa umempita mwendeshaji kwa ukubwa. Hushuka kwa kasi ya kutisha. Wakati wa kurudi, baiskeli zikiwa tupu, hungoja lori linalopanda polepole, wakalishika kwa nyuma na kuvutwa hadi juu, wawili au watatu kwa pamoja, moshi ukiwapiga usoni. Mgeni huona mchezo. Kijana mwenyewe haoni mchezo hata kidogo: kupanda kwa miguu ni kupoteza siku nzima, na siku iliyopotea ni chakula kilichopotea. Wapo walioanguka wakafa. Tangu Machi 2022 baiskeli, pamoja na pikipiki na bajaji, zilipigwa marufuku katikati ya jiji, hata mizigo ikalazimika kuteremshwa pembezoni. Atakaye kuwapiga picha na afanye hivyo wakiwa wamepumzika, baada ya kuwasalimu na kuwaomba. Kumfuata mtu kwa gari ili kupata picha akiwa katika hatari ni kumwongezea hatari hiyo.

Macho yakitoka barabarani, yatazame miteremko. Hii ndiyo sehemu ya safari ambayo wengi huipita bila kuipiga picha kwa sababu si nzuri, kumbe ina maana kubwa. Mumirwa ni mteremko mkali kati ya uwanda na mgongo wa nchi. Zamani sehemu yake kubwa ilifunikwa na miti. Leo migomba, mihogo na maharage yamepandwa hadi mahali ambapo mkulima hujishikilia kwa mkono mmoja huku akilima kwa mwingine. Burundi ni miongoni mwa nchi za Afrika zenye watu wengi zaidi kwa kila kilomita ya mraba, na watu hao wengi wao huishi kwa jembe. Hakuna haki ya kumlaumu mtu aliyelima mteremko kwa kuwa hana tambarare. Lakini ardhi nayo haijui huruma. Makorongo mekundu yanaonekana wazi, mengine yakiwa mapya, yamechimbwa na mvua za mwaka mmoja. Udongo unaotoka humo ndio unaotia wekundu mito ya Bujumbura wakati wa masika, na mchanga wake ndio unaolala uwandani.

Picha moja ya korongo kama hilo, ikipigwa asubuhi wakati mwanga wa pembeni unapoonyesha kina chake, na itunzwe. Thamani yake itaonekana mwisho wa safari.

BUGARAMA, MAHALI MAJI YANAPOAGANA

Bugarama ni soko kabla ya kuwa mji. Karoti, kabichi, vitunguu, viazi na mboga nyingine za nchi ya baridi hupangwa kando ya barabara kwa mafungu, zikiwa zimeoshwa zikang'aa. Mabasi na malori husimama, akina mama hukimbilia madirishani, na katika dakika tano chakula cha wiki nzima huwa kimenunuliwa. Mama wa nyumbani atokaye Bujumbura atafanya vema kununua wakati wa kurudi, ili mboga zisikae garini siku mbili.

Hapa barabara inagawanyika: moja huendelea Kayanza, nyingine huelekea Muramvya na Gitega, ambao tangu mwaka 2019 ndio makao makuu ya kisiasa ya nchi. Lakini kuna mgawanyiko mwingine, mkubwa zaidi, usioonekana kwa macho. Mgongo huu wa milima ndio mpaka kati ya mabonde ya mito miwili mikubwa ya Afrika. Tone la mvua linaloangukia upande wa magharibi huteremka hadi ziwa Tanganyika, likatoka kwa mto Lukuga, likaingia Kongo na mwishowe Bahari ya Atlantiki. Tone lililoanguka upande wa mashariki hufuata vijito hadi mto Ruvubu, likaingia Kagera, ziwa Victoria, Nile, hatimaye Misri na bahari ya Mediterania. Huko kusini mwa nchi, Rutovu, ndiko Mjerumani Burkhart Waldecker alikoitambulisha mwaka 1937 chemchemi ya Nile iliyo kusini kuliko zote. Mtoto akielezwa haya akiwa amesimama juu ya mgongo wenyewe, hatalisahau somo hilo la jiografia.

TEZA NA UKINGO WA MSITU

Mbele kidogo ya Bugarama, katika upande wa Bukeye, kuna njia ya kwenda Teza. Mashamba ya chai yametandazwa juu ya vilima kama zulia lililokatwa kwa mkasi, na nyuma yake ghafla huinuka ukuta wa msitu. Katika ukingo huo rangi mbili za kijani zinakutana, moja nyepesi na sawasawa, nyingine nzito na yenye vivuli. Asubuhi wachumaji hupita katikati ya mistari wakiwa na vikapu mgongoni, na ukungu huwafunika hadi kiunoni. Ni kweli kwamba baadhi ya mashamba haya yalipandwa mahali palipokuwa msitu. Lakini chai hufunika ardhi mwaka mzima, nayo huzuia udongo kuliko shamba lililo wazi.

Kibira ni mbuga ya taifa tangu mwaka 1980. Ukubwa wake ni kiasi cha kilomita za mraba 400, na upande wa kaskazini msitu huo unaungana na Nyungwe wa Rwanda. Kuingia ndani kunahitaji ruhusa ya walinzi wa hifadhi na mwongozaji. Hilo si suala la ada peke yake. Njia hupotea kwa urahisi katika ukungu, na hata katika miaka ya karibuni zimesikika habari za watu wenye silaha katika sehemu fulani za msitu. Atakayeambiwa na walinzi kwamba njia fulani haipitwi siku hiyo, na atii bila kubishana.

Ndani ya msitu kamera hupata mtihani. Kwanza ni giza. Matawi yamefungamana juu, na mwanga unaofika chini ni kidogo mno, hata mkono usiotulia huharibu picha zote. Dawa yake ni kuegemea mti, kuikaza mikono mbavuni, kuzuia pumzi na kubonyeza taratibu. Au kutumia kamera yenye miguu mitatu. Pili ni ukungu, ambao huidanganya kamera ikadhani kuna mwanga mwingi, na picha hutoka nyeusi. Yafaa kuiongezea mwanga kidogo kuliko ile inavyopendekeza. Tatu ni haraka ya mpiga picha mwenyewe. Aliyekuja kuwinda sokwe kwa picha aghalabu hurudi mikono mitupu, kwa kuwa sokwe wa Kibira ni wachache nao huogopa watu. Tena wakionekana, wakaribiwe kwa mbali, maana mafua ya binadamu yanaweza kuwaua. Mbega na kima huonekana kwa urahisi zaidi. Shorobo huvuka njia mara moja, mabawa yake mekundu yakiwaka kama kitambaa, kisha hayupo.

Basi na apige picha za vitu visivyokimbia. Kuna miti ambayo watu watatu hawaizungushi kwa mikono yao, magome yake yamevikwa ndevu za kijani zinazodondosha maji hata siku isiyo na mvua. Kuna mikangaga mirefu kama minazi midogo. Kuna mianzi iliyosongamana mahali pa juu. Na chini kuna majani yaliyooza, tabaka juu ya tabaka, laini kama godoro. Mtu akiukandamiza mkono hapo, maji hutoka kati ya vidole. Hiyo ndiyo kazi ya msitu yote kwa ufupi. Matawi hulivunja pigo la mvua, majani yaliyooza huyanywa maji, mizizi huushika udongo, na maji hutolewa kidogo kidogo hata katika Julai na Agosti. Kijito kinachotoka humo ni cheupe, mawe yake yanahesabika. Picha ya kijito hicho ndiyo ndugu wa ile picha ya korongo la Mumirwa.

MSITU ULIOOGOPWA

Kwa Warundi wa zamani Kibira ilikuwa msitu wa wafalme. Mwami aliwinda humo, na watu wa kawaida hawakuukata wapendavyo. Utawala wa Kibelgiji ukaufanya hifadhi mwaka 1933. Watwa, waliokuwa wakipata riziki yao humo kwa uwindaji na matunda ya porini, walijikuta nje ya mpaka, na wengi wao mpaka leo hawana ardhi ya kutosha. Mgeni mwenye kamera asiwafanye kuwa maonyesho. Asalimu, azungumze, anunue chungu akikihitaji, na akikataliwa picha ashukuru aende zake.

Kisha ikaja vita iliyoanza mwaka 1993. Msitu ukawa maficho, na barabara hii ikawa njia ya mashambulizi. Tarehe 28 Desemba 2000 basi la Titanic Express lililokuwa likitoka Kigali lilishambuliwa karibu na Bujumbura, abiria 21 wakauawa. Hiyo ilikuwa miezi minne tu baada ya mapatano ya amani kutiwa sahihi Arusha. Kuna familia za askari, za wapiganaji wa pande zote na za raia ambazo neno Kibira kwao halikuwa na maana ya miti wala ndege, bali jina la mahali ambapo mtu wao hakurudi. Kwa sababu hiyo baba anayewapeleka watoto wake kuutazama msitu huo kwa mchana mweupe, wakala mkate na chai kandokando yake, anafanya jambo ambalo kizazi kilichomtangulia hakikuliweza kwa miaka mingi. Mzee akinyamaza hapo, asishurutishwe kueleza.

KAYANZA NA RWEGURA

Usiku hulala Kayanza, mji wa kahawa, ambako blanketi la pili si anasa. Jumapili asubuhi gari huelekea Rwegura. Chai tena, msitu tena, halafu maji: bwawa lililozuiwa kwa ajili ya mtambo wa umeme uliomalizika mwaka 1986, wenye uwezo wa megawati 18. Kwa picha za ukuta na mitambo iombwe ruhusa. Ziwa lenyewe, likiwa limetulia na kuakisi msitu, latosha.

Kwa miaka mingi mtambo huu umekuwa nguzo ya umeme wa Burundi. Taa inayowashwa Gasenyi, pasi inayonyoosha sare ya askari, jokofu la dukani Buyenzi, vyote vina deni kwa maji yanayotoka katika majani yale yaliyooza. Msitu ukipungua, kijito hukauka kiangazi na kuleta tope masika. Bwawa hushuka, nalo hujaa udongo. Wakati huo huo makaa yanayopikia chakula cha mji huteremshwa kutoka milimani kila siku, mengine juu ya zile baiskeli. Kwa hiyo jiko la nyumbani limo katika picha, hata kama kamera haikulielekea. Jiko linalotumia makaa machache, maharage yaliyolowekwa usiku kabla ya kupikwa, sufuria iliyofunikwa kifuniko: haya ni mambo madogo ambayo mama wa nyumbani anaweza kuyaanza Jumatatu bila kungoja amri ya mtu.

BAADA YA KURUDI

Picha zikishachaguliwa, zisipangwe kwa uzuri bali kwa mwinuko: kwanza mchanga wa kijito cha Gasenyi, halafu korongo la Mumirwa, soko la Bugarama, chai ya Teza, kijito cha Kibira, na mwisho ziwa la Rwegura. Zikitazamwa hivyo, mtoto wa miaka kumi ataeleza mwenyewe kwa nini mafuriko ya 2014 yalikuja na matope. Familia yenye mtu wake aliye kazini mbali, kama walivyokuwa maelfu ya askari wa Burundi nchini Somalia kwa miaka mingi kuanzia 2007, inaweza kumtumia picha hizo sita kwa utaratibu huo huo.

Kisha, masika yajayo, picha ya kwanza na ipigwe tena pale pale, mahali pale pale pa kusimama. Mchanga ukiwa umeongezeka, itajulikana kwamba huko juu kuna mteremko mwingine uliovuliwa miti.